Watatu ni Wengi Kuliko Sita

Mtu anayenunua tangi la samaki kwa mara ya kwanza huwa na swali moja linalotangulia mengine yote: hili linachukua wangapi? Muuzaji amelizoea, ana jibu tayari mdomoni, na jibu lenyewe hupanda na kushuka kufuatana na samaki waliomdodea wiki hiyo. Kwa vidagaa vya mapambo vinavyoogelea makundi makundi, swali hilo halidhuru. Kwa samaki malaika linadhuru, kwa kuwa namba zake hazipandi kwa utaratibu tuliofundishwa darasa la pili. Mmoja anakaa. Wawili wanakaa, kwa masharti. Sita wanakaa vizuri kabisa. Watatu ni balaa, na wanne hawana nafuu kubwa. Mwenye kudhani kwamba tangi la kutosha sita litawapa watatu raha maradufu amepiga hesabu sahihi, na atazika samaki.

Simsemi yule wa miambani, wa maji chumvi, jamaa wa vitatange wanaonaswa kwenye madema ya pwani yetu. Namsema wa mtoni, Pterophyllum scalare, mwenyeji wa bonde la Amazoni, aliyeelezwa kitaalamu mwaka 1823 kutokana na samaki wa Brazili. Anao ndugu wawili wa karibu: altum wa upande wa mto Orinoco, mwenye kimo kirefu zaidi, na leopoldi, mfupi, ambaye hata wauzaji wazoefu humchanganya na wenzake. Wanaofika madukani ni scalare karibu wote, na si wa kuvuliwa. Ni wa kuzalishwa, kizazi baada ya kizazi, hadi wengine wamekuwa weusi tii, wengine wana mabaka, wengine wamegeuka rangi ya dhahabu. Yule wa asili ni mweupe wa fedha mwenye milia myeusi iliyosimama wima, na mwili wake ni bapa kiasi kwamba akikugeukia uso kwa uso unabaki unaona mstari na macho mawili.

Ubapa huo una kazi yake. Kule kwao msitu huzama. Mto ukifurika, karibu na mji wa Manaus maji hupanda mita 10 hivi kutoka kina cha kiangazi, na samaki huhamia katikati ya vigogo, matawi na mizizi ya miti iliyosimama majini. Milia yake hupotelea kwenye vivuli vya vijiti, na mwili hupita kwenye mianya ambayo samaki mnene hathubutu. Hilo la mianya msomaji aliweke akilini, maana ndilo litakaloamua idadi.

Dukani malaika ana ukubwa wa sarafu ya shilingi mia mbili. Wanane wanaonekana wachache, tangi linaonekana tupu, na mtoto uliyemleta anavuta mkono akitaka waongezwe. Samaki huyo akilishwa vizuri, mwaka haujaisha anakaribia kiganja cha mtu mzima. Akikomaa, mwili hufika sentimita 15 kwa urefu, na kimo chake pamoja na mapezi ya juu na ya chini hupita sentimita 20. Kwa hiyo anayeuliza wangapi anaulizia samaki ambao bado hajawaona.

Ukitaka kumjua, jina lisikupumbaze, uliza ukoo. Malaika ni wa ukoo wa sikilidi, ukoo mmoja na sato anayeletwa mezani na ugali, perege wa mabwawa, furu wa Ziwa Victoria, mbuna wa Ziwa Nyasa, na wale wa Ziwa Tanganyika wanaosafirishwa kutoka Kigoma kwenda kwenye matangi ya Ulaya. Amerika ya Kusini wako, Afrika wako, Madagaska wako, India ya kusini wako. Kinachowaunganisha, ukiacha mifupa ya koo na mambo mengine ya wataalamu, ni malezi. Samaki wengi hutaga wakaenda zao. Sikilidi hutaga na kubaki. Abakiye lazima awe na mahali pa kubaki, na mwenye mahali ana mpaka, na mwenye mpaka ana jirani wa kumfukuza. Mtu anayevutiwa na upole wa malaika akiwa na vitoto vyake asishangae kuona ukali wake kwa wengine. Ni tabia moja.

Wanapokomaa, pengine miezi minane au zaidi baada ya kuanguliwa, wawili katika kundi huanza kujitenga. Huchagua kitu kilichosimama wima: jani pana, kipande cha jiwe bapa, na mara nyingi mno, kwa kero ya mwenye tangi, bomba la filta. Wanalisugua kwa midomo, huyu akichoka yule anaingia. Jike hupita taratibu akibandika mayai mstari baada ya mstari, dume nyuma yake akirutubisha. Mayai hufika mamia. Kisha wazazi wote wawili husimama mbele yake wakiyapepea kwa mapezi ya kifuani, na lililogeuka jeupe huchomolewa kwa mdomo na kuliwa. Baada ya siku mbili au tatu yanaanguliwa. Vitoto haviwezi kuogelea bado, vimenata palepale vikitikisa mikia, na kimoja kikianguka, mzazi hukishukia, akakidaka kwa mdomo na kukitema mahali pake. Samaki asiye na mikono, na vitoto vidogo kuliko punje ya ufuta, na hamezi hata kimoja. Wala usiharakishe kumsifu: siku ya pili anaweza akala vyote, hasa jozi ikiwa changa au mtu akiwa anapitapita mbele ya kioo.

Wakati hayo yakiendelea, nusu ya tangi imeshapigwa marufuku. Kama ndani kulikuwa na watatu, huyo wa tatu hana kosa ila kuwapo. Anafukuzwa akipita, anafukuzwa akila, anafukuzwa akiwa ametulia. Mwishowe hujibanza kwenye pembe, juu kabisa, nyuma ya hita au chini ya kifuniko, mapezi ameyakunja na ncha zimechanika, milia imekolea. Chakula kikitupwa anasubiri wenzake washibe, na hao hawabakizi. Mwenye nyumba akimwona hivyo hudhani anaumwa, anakwenda kununua dawa. Dawa ya nini?

Huko Amazoni ugomvi kama huo upo vilevile, lakini ni wa dakika chache. Aliyeshindwa anapiga mkia mara mbili tatu, anapotelea nyuma ya kigogo, basi, kesi imekwisha kwa sababu haonekani. Kwenye kioo ameshindwa na bado anaonekana. Mshindi hana namna ya kujua kwamba mwenzake hana pa kwenda; anachojua ni kwamba mvamizi bado yupo, na wajibu wake ni kumtoa. Nadhani hapa ndipo mambo yote ya idadi yanapoanzia. Swali la lita linakuja baadaye. La kwanza ni hili: katika tangi hili, ni wangapi wanaweza kutokuonekana na mwenzao kwa wakati mmoja? Tangi lenye changarawe za buluu chini na jahazi la plastiki katikati, hata likiwa kubwa, lina chumba kimoja tu. Lenye mzizi mkubwa uliosimama, majani marefu yanayofika juu na mawe bapa yaliyoegemezwa linaweza kuwa na vyumba vitatu au vinne bila kuongezwa hata ndoo moja ya maji.

Ajabu ni kwamba namba nayo inaweza kufanya kazi ya ukuta. Waliokulia nyumba za kupanga hawahitaji kufundishwa hili. Mpangaji mkorofi kwenye nyumba ya familia sita ni kero. Leo kagombana na huyu kwa sababu ya zamu ya kufagia uwanja, kesho na yule kwa sababu ya pesa ya luku, na kila mmoja anapata siku za kupumua. Mtu huyohuyo kwenye nyumba ya familia mbili ni msiba, maana familia ile nyingine inapata kila kitu. Malaika sita waliokua pamoja toka utotoni hupanga vyeo vyao kwa kusukumana midomo na kutanuliana mapezi, na mkubwa wao akitaka kufukuza hana mtu mmoja wa kumfukuza. Akimwanza wa kwanza, wa pili anapita kwenye macho yake. Akimgeukia wa pili, wa kwanza ameshapona. Methali ya fahali wawili na zizi moja tunaijua sote. Haikusema lolote kuhusu fahali sita.

Wafugaji wa mbuna wamelifikisha jambo hili mbali zaidi. Samaki hao wa miamba ya Ziwa Nyasa ni wakali kuliko malaika, na desturi iliyozoeleka ni kuwajaza kwa makusudi, kupita kiasi ambacho mtu angekiona cha busara, ili asiwepo hata mmoja anayeweza kushika eneo na kulilinda. Inafanya kazi. Mapezi hayachaniki sana, rangi zinabaki kali, wageni wanasifu. Lakini ukikaa mbele ya tangi la namna hiyo kwa muda, unaanza kujiuliza unachokitazama ni amani au ni samaki walionyimwa hata nafasi ya kugombana. Hawajaacha kudai, ila hakuna kilichobaki cha kudaiwa. Kwa malaika sishauri njia hiyo, na sababu yangu si ya huruma peke yake. Malaika ni samaki wa kusimama, wa kugeuka polepole. Ukimjaza na wenzake kumi na mbili, unabaki na mapezi yanayopishana, na kile ulichomnunulia huna tena.

Mtu aliyeyatazama mambo haya kwa jicho kali ni Konrad Lorenz, mwanazuoni wa Austria wa tabia za wanyama, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1973 pamoja na Karl von Frisch na Nikolaas Tinbergen. Katika kitabu chake kuhusu ukali, kilichotoka kwa Kijerumani mwaka 1963, alieleza habari za sikilidi wengine wa Brazili. Jozi ikiachwa peke yake, dume anakosa jirani wa kumkoromea, na hasira zote zinamwangukia mkewe. Ufumbuzi ulikuwa kuweka jozi mbili katika tangi moja kubwa na kuzitenga kwa kioo. Kila dume akawa na adui wa kudumu upande wa pili, wa kutishwa na asiyeweza kudhuru, na nyumbani kukawa na utulivu. Kisha kioo kikaota mwani. Kadiri kilivyozidi kuwa cha kijani na jirani kutoonekana, ndivyo waume walivyoanza kuwa wakali kwa wake zao. Kikifutwa, ugomvi wa majirani unarudi na ndoa zinapona.

Lorenz alitoka na samaki hao hadi kwa binadamu na vita vyao, na hapo wengi hawakumfuata. Wazo kwamba ukali hujaa ndani mpaka utafute pa kumwagikia limepingwa sana tangu wakati ule. Mimi pia naona aliruka mbali mno. (Ndiyo, nimetoka kuwataja wapangaji sasa hivi.) Lakini kwa mwenye tangi, jambo lenyewe linabaki: hata wawili, wale waliochaguana wenyewe, hawako salama kwa sababu tu wako wawili. Ndiyo maana nilisema kwa masharti. Jozi inayokaa peke yake iwe na mzizi katikati ambao jike anaweza kuuzunguka, na mwenye nyumba awe tayari kuwatenganisha. Tena usije ukadanganywa na duka linalokuuzia dume na jike. Wakiwa wadogo hakuna awezaye kuwatofautisha kwa kuwatazama. Kwa uhakika hujulikana wakati wa kutaga, kwa umbo la kibomba kidogo kinachojitokeza chini ya tumbo. Kuna jozi zilizoishi vizuri, zikasugua jani, zikataga, na mayai yote yakawa meupe siku ya pili, kwa kuwa wote wawili walikuwa majike.

Sasa lita. Kanuni maarufu inasema sentimita moja ya samaki kwa lita moja au mbili za maji, na ubaya wake unaonekana ukichukua kalamu. Vidagaa vitano vya sentimita 3 vina jumla ya sentimita 15, sawa na malaika mmoja mkubwa. Lakini uzito haufuati urefu. Samaki wa umbo lilelile mwenye urefu mara tano ana uzito mara 125, kwa hiyo huyo mmoja ni kama mara 25 ya wale watano kwa pamoja. Hatakula wala kuchafua mara 25 kamili, lakini atawapita mbali wote watano. Umbo la malaika halilingani na la kidagaa, najua, lakini hata ukipunguza utakavyo kanuni haisimami. Tena kama vidagaa hivyo ni wa aina iitwayo neon, shida ya hesabu itajimaliza yenyewe: malaika mkubwa atavila usiku mmoja baada ya mwingine, kwa utulivu, na asubuhi utadhani umekosea kuhesabu.

Ninachokiamini mimi ni kipimo kingine. Idadi ya samaki ipimwe saa tisa ya usiku, umeme umekatika. Mchana filta inazunguka, pampu inatoa mapovu, majani yanatoa oksijeni kwa mwanga, na tangi lenye samaki wengi mno linaonekana zima. Usiku majani nayo yanavuta. Na maji ya joto hubeba hewa kidogo: kwenye nyuzi 20 lita moja ya maji hushika takriban miligramu 9 za oksijeni, kwenye nyuzi 30 hushika kama 7.5, na sebule ya Dar es Salaam mwezi wa Februari haiko mbali na hizo 30. Hapo ndipo malaika watano wanaweza kufika alfajiri na kumi wakawa juu ya maji wakihema kwa midomo. Vitabu vilivyoandikwa Ujerumani au Marekani havihesabu habari hii, kwa kuwa huko filta haizimiki. Msomaji wa huku achukue namba ya kitabu na aikate.

Lipo pia sharti la wiki za mwanzo, na hapa maji na samaki hawakubaliani. Samaki hutoa amonia, nyingi kupitia mashavuni. Bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, huchukua wiki nne hadi sita kujijenga kwenye filta mpya. Kwa hiyo maji yanasema: leta mmoja, ngoja, leta mwingine. Malaika wanasema kinyume chake. Anayeletwa peke yake baada ya wenzake kugawana nyumba ni mgeni, na mgeni atapigwa. Anayeona jambo hili mapema huliandaa tangi kabla ya samaki, kwa kuomba sponji chafu kutoka kwenye filta ya mtu mwenye tangi la siku nyingi, kisha huwaingiza wote siku moja wakiwa bado wa ukubwa wa sarafu. Aliyechelewa, na sasa anataka kuongeza, ang'oe kila kitu, ahamishe mawe na mizizi, ili wenyeji wenyewe waamke ugenini.

Kwa namba, basi, kwa anayezitaka: jozi moja ikae kwenye lita 120 au zaidi, tangi la kimo kisichopungua sentimita 45, maana samaki huyu ni mrefu kwenda juu. Sita wakubwa wapewe lita 240, tuseme tangi la sentimita 120 kwa 40 kwa 50. Maji peke yake hapo ni kilo 240, kabla ya kioo na mawe, kwa hiyo kabati la televisheni lisahauliwe. Kila wiki robo ya maji hubadilishwa, yaani madumu matatu ya lita 20, yaliyolala wazi ili klorini itoke, na mtu wa kuyabeba ajulikane mapema ni nani. Pale ambapo maji yananunuliwa kwa mkokoteni, swali la wangapi linaweza kujibiwa na dumu kabla hata ya tangi.

Na mmoja? Hakuna duka litakalokushauri, biashara haiko hapo. Lakini malaika mmoja kwenye lita 80 zilizopandwa majani vizuri huishi miaka mingi, humjua anayemlisha, humfuata kioo kizima akiomba, na hana wa kumchania mapezi. Wapo wanaosema ni ukatili kumweka peke yake. Huenda. Nimemtazama yule wa tatu, wa nyuma ya hita, na naona upweke wa huyu ni mwepesi zaidi.

Wengi wetu hata hivyo tutanunua sita, na sita hawatabaki sita. Wawili wataoana, na kama tangi si kubwa watawageuka wanne. Hao wanne ni wa kuhamishwa, na ni vizuri kupatana na muuzaji siku ya kununua, kwa kuwa siku ya kuwarudisha atasema hana nafasi na atawachukua kwa bei ya kutupa. Halafu jozi itataga mamia juu ya bomba la filta, na ikiondolewa mayai itataga tena baada ya wiki mbili hivi. Mwenye kutaka kuvilea vitoto vyote atafute tangi la pili, awe na mashine ya kuangulia vikamba vidogo vya kuvilisha, na baada ya miezi miwili awe na watu mia wa kuwagawia. Sijui mtu mwenye jamaa wengi kiasi hicho wanaotaka samaki. Mimi mayai nayaacha palepale na wazazi wake. Wakiyalea, vitabaki vichache. Wakiyala, wiki hiyo napunguza chakula.